Kutoa kwa Upendo: Mwongozo Kamili kwa Familia na Jumuiya

Somo refu kuliko yote katika Agano Jipya kuhusu kutoa linahusu mchango mmoja tu: ule ambao Mtume Paulo aliukusanya katika miaka ya 50 kutoka makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya waamini maskini wa Yerusalemu. Limeandikwa katika 2 Wakorintho sura ya 8 na ya 9, na ukitaka kulielewa vizuri soma pia 1 Wakorintho 16:1-4 na Matendo 20:4.

Katika somo hilo Paulo anasema waziwazi kwamba haamuru mtu (8:8), na kwamba kila mmoja atoe alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (9:7). Lakini Paulo huyohuyo anaagiza kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, anamtuma Tito pamoja na ndugu wawili kwenda Korintho kumalizia ahadi ya mwaka uliopita, na anapoanza safari anaongozana na wenzake saba kutoka majimbo mbalimbali. Sisi tumezoea kudhani kwamba moyo ukiwepo, hesabu haihitajiki. Au kwamba mwenye kupenda hesabu hana moyo. Kwa Paulo mambo hayo yanakwenda pamoja. Anayempenda mtu hahesabu kazi kuwa imekwisha mpaka kitu kimemfikia mtu huyo, kikiwa kizima, kwa wakati unaofaa na bila kumdhalilisha.

Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya familia ya kawaida ya Tanzania, yenye mshahara au shamba, na kwa jumuiya ya nyumba 10 hadi 15 zinazokutana kila wiki. Msomaji wa Kenya au Kongo atabadilisha majina ya ofisi na sarafu. Mengine yanabaki yaleyale.

Pima nia kabla ya kupima fedha

Paulo anaandika kwamba mtu akitoa mali zake zote kuwalisha maskini bila upendo, haimfaidii kitu (1 Wakorintho 13:3). Maskini anaweza kushiba, lakini mtoaji amebaki mtupu. Kwa hiyo swali la kwanza linahusu kinachokusukuma, na misukumo isiyo ya upendo tunaikuta kanisani kila mwaka.

Upo msukumo wa aibu. Majina yanasomwa mbele ya watu, fulani elfu hamsini, fulani elfu mbili, na wa elfu mbili anainamisha kichwa. Mwezi unaofuata anakopa ili jina lake lisisikike vibaya. Yesu alilikataa jambo hili kwa maneno mazito katika Mathayo 6:2-4. Kama kanisa lenu husoma majina, wazee waombeni wasome jumla tu, na kila mmoja apewe stakabadhi yake. Bahasha yenye namba inatosha kwa kumbukumbu.

Upo msukumo wa biashara: panda mbegu ya elfu kumi, utavuna laki. Mungu hubariki, na Paulo mwenyewe anazungumzia kupanda na kuvuna katika 2 Wakorintho 9:6. Lakini endelea kusoma hadi mstari wa 11: wanatajirishwa wapate kuwa na ukarimu wote, na ukarimu huo umletee Mungu shukrani. Mavuno yanarudi tena kwa mhitaji. Anayemfundisha mgonjwa auze kitanda ili "apande mbegu" amemnyima mtu dawa na amemdanganya kuhusu Mungu. Habari ya mjane wa senti mbili (Marko 12:41-44) hutumiwa sana hapo, na wanaoitumia huruka mstari wa 40 ulio juu yake, ambamo Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mjane alitoa kwa hiari yake. Hakuna aliyemwomba.

Na upo msukumo unaoonekana mtakatifu kuliko yote: kumpa Mungu kilicho cha mzazi. Katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani ili wasiwasaidie baba na mama. Paulo naye anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Dawa za presha za mama kijijini na karo ya mdogo wako ni sehemu ya utoaji wako. Ziandike kwenye mpango wako kama utoaji, usizifanye jambo la pembeni.

Ukijikuta katika mojawapo ya misukumo hii, usiache kutoa. Punguza kiasi hadi pale unapoweza kutoa bila kinyongo, anza hapo, na umtembelee mtu mmoja mwenye shida. Moyo huwa unalainika baada ya kumwona mtu, mara chache kabla.

Jua ulicho nacho

"Kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12). Basi anza kwa kujua ulivyo navyo. Kaeni mume na mke, na daftari moja. Sadaka inayotolewa kwa kumficha mwenzi huzaa ugomvi ambao majirani huusikia, na jina la Mungu linatajwa vibaya ndani yake.

Chukua mfano wa nyumba inayoingiza shilingi 600,000 kwa mwezi baada ya makato:

Kodi ya nyumba 120,000
Chakula 200,000
Nauli 70,000
Umeme, maji na gesi 45,000
Akiba ya mahitaji ya shule 50,000
Jumla 485,000. Inabaki 115,000.

Nyumba hii ikiamua kutoa fungu la kumi, ni 60,000. Ikiongeza 15,000 kwa wahitaji na sadaka ya Jumapili ya 2,000, yaani 10,000 kwa mwezi wenye Jumapili tano, jumla ni 85,000. Inabaki 30,000 ya dharura. Ni mpango unaobana lakini unawezekana, na unaonyesha jambo ambalo wengi hawalioni mpaka waandike: ukimtumia mama 40,000 kila mwezi, mpango umeshavunjika. Hapo lazima uchague: kupunguza kitu kwenye matumizi, au kuanza na kiasi kidogo cha utoaji. Kuchagua ukiwa na daftari mbele yako ni bora kuliko kugundua tarehe 20 kwamba umetoa nauli.

Kuhusu fungu la kumi, makanisa hayafundishi sawa. Mengine yanadai lote liletwe kanisani kwa kufuata Malaki 3:10. Mengine yanaacha sehemu yake mikononi mwa mwamini. Fuata utaratibu wa kanisa lako kwa uaminifu, lakini fahamu kwamba katika Kumbukumbu la Torati 14:28-29 zaka ya mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Kanisa linalopokea zaka bila kuwa na mfuko wa wahitaji limechukua nusu ya agizo. Uliza kwa upole kwenye mkutano wa usharika: katika bajeti yetu, yatima na mjane wako mstari gani?

Mwenye madeni aanze na asilimia 2 au 3, alipe deni, kisha aongeze asilimia moja kila miezi sita. Kukopa kwa riba ili kutoa sadaka ni kutoa fedha za mtu mwingine.

Mkulima hesabu yake ni ya msimu. Tuseme nyumba ya watu sita imevuna gunia 12 za mahindi za kilo 100. Kwa gramu 400 kwa mtu kwa siku, chakula cha mwaka ni takribani kilo 876, yaani gunia 9. Fungu la kumi ni gunia moja na debe moja hivi. Zinabaki kama gunia mbili kasoro za kuuza. Toa mapema baada ya kuvuna, lakini usimalize yote: weka angalau debe mbili kwa ajili ya miezi ya njaa kabla ya mavuno yanayofuata, kwa sababu ndipo mjane anapokosa, na ndipo debe moja lina thamani kubwa kuliko gunia la mwezi wa mavuno.

Mahindi ya sadaka yapimwe kama ya kula nyumbani. Kausha hadi yakatike kwa kishindo ukiyatafuna, kisha fanya jaribio la chumvi: weka mahindi mpaka theluthi moja ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kunyauka usiyatoe, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupika. Yasiyofaa kwa watoto wako hayafai kwa watoto wa jirani. Torati ilikataa sadaka yenye kilema madhabahuni. Sembuse sahani ya mtu.

Tenga siku ileile

Neno la Paulo ni "aweke akiba kwake" (1 Wakorintho 16:2), yaani nyumbani, kidogo kidogo, kila juma. Faida yake ni mbili: maskini naye anaweza kushiriki, na hakuna haja ya kuwabana watu siku ya mchango.

Siku fedha inapoingia, kabla haijaenda dukani, igawe. Wanaotumia noti waandike bahasha tatu: kanisa, wahitaji, wazazi. Wanaotumia simu wafungue akiba ya pembeni ambayo haichanganyiki na salio la kawaida. Salio moja kwa kila kitu humezwa na vocha na nauli. Anayelipwa kwa siku, kama bodaboda au mama lishe, atenge kila jioni hata 500 kwenye kibubu, afungue mwisho wa mwezi. Usitoe kutoka kwenye bahasha ya wahitaji "kuazima" kwa matumizi ya nyumbani. Ukiazima mara moja, mwezi wa tatu bahasha inakuwa tupu na hujui imekwendaje.

Watoto wapewe bahasha yao, na waruhusiwe kuamua nani apewe. Mtoto wa miaka 8 anayetoa daftari kwa mwenzake wa darasani amejifunza zaidi kuliko yule anayekabidhiwa sarafu ya 200 mlangoni mwa kanisa.

Mjue mtu kabla ya kumpa

Hapa ndipo utoaji mwingi hukosea. Tunaamua tunachotaka kutoa, ndipo tunatafuta wa kumpa. Nguo zilizochakaa zinatafuta maskini, maboksi ya sabuni yanatafuta kituo cha yatima cha kupiga nacho picha. Upendo unaanza upande wa pili: huyu ana shida gani, na nini kitaiondoa?

Ziara ifanywe na watu wawili, mmoja mwanamke, wasiovaa sare za kanisa na bila kubeba kitu mkononi. Ukibeba kitu siku ya kwanza, mazungumzo yote yatazunguka kile kitu, na jirani watahesabu. Nendeni saa ambayo mwenyeji hayuko shambani wala sokoni. Msisimame mlangoni mkihojiana, subirini mkaribishwe.

Salamu iwe ya kawaida ya nyumba ile. "Shikamoo bibi." Akishaitikia marahaba na kuwapa mkeka, mwambieni kweli: "Bibi, wenzako wa jumuiya wametutuma tuje kukujulia hali. Hatujakuona ibadani Jumapili mbili hizi, tukasema tusikae tu." Kisha nyamazeni. Wengi huharibu hapo kwa kuuliza mara moja, "Una shida gani?" Mzee aliyelea watoto saba hawezi kumjibu kijana swali hilo. Atasema, "Sina shida mwanangu, Mungu yupo," na nyinyi mtarudi kuripoti kwamba bibi hana shida. Ulizeni mambo ambayo yanajibika: "Mguu unaendeleaje? Maji sasa anakuchotea nani? Mjukuu ameshafungua shule?" Majibu yatawaonyesha kila kitu. Na macho yaone bila kukagua: jiko lina jivu la leo au la juzi, paa linavuja upande gani, dawa zilizopo kwenye mfuko zimebaki ngapi.

Mkiondoka, msiahidi. Semeni, "Tutarudi Alhamisi," na Alhamisi mrudi, hata kama hakijapatikana kitu.

Kisha ulizeni mambo matatu kwa watu wengine. Je, ana ndugu wenye uwezo ambao hawajui hali yake? Wakati mwingine msaada mkubwa kuliko wote ni simu moja kwa mtoto aliyeko mjini. Je, kaya yake imeandikishwa kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini? Balozi au mwenyekiti wa mtaa atajua. Na je, kuna kanisa au msikiti mwingine unaomsaidia? Mnaweza kugawana mzigo badala ya wote kuleta unga wiki moja.

Msimchuje mtu kwa dini. Wagalatia 6:10 inataja "hasa jamaa ya waaminio", lakini inaanza na watu wote.

Kifaacho kwa kila shida

Njaa. Mgao unaopimwa ni bora kuliko "kifurushi". Kwa watu watano, wiki mbili: unga kilo 28, maharage kilo 4 na robo, mafuta ya kula lita 2, chumvi pakiti ya nusu kilo. Hiyo ni gramu 400 za unga, 60 za maharage na takribani 25 za mafuta kwa mtu kwa siku. Ongeza sabuni ya mche na mkaa au kuni, maana maharage bila moto ni mapambo. Nyumbani pakiwa na mtoto wa chini ya miaka miwili au mgonjwa, weka unga wa uji na mayai. Kama duka liko karibu na bei ni za kawaida, fedha taslimu humpa mtu heshima ya kuchagua mwenyewe, na hakuna mzigo unaopita mtaani ukitangaza shida yake.

Ugonjwa. Kabla ya kuchangisha, nendeni kwenye dawati la ustawi wa jamii la hospitali. Katika vituo vya serikali Tanzania, wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamewekewa msamaha wa gharama, na mtu mwingine asiye na uwezo anaweza kuombewa. Mara nyingi kinachohitajika ni barua ya serikali ya mtaa na mtu wa kusimama foleni. Kinachobaki lipeni moja kwa moja hospitalini kwa namba ya malipo ya mgonjwa, na mpeni anayemuuguza nauli na chakula. Yeye husahaulika kila mara. Jumuiya nyingi huchangia msiba haraka kuliko ugonjwa: dawa ilikosa mchangiaji wiki tatu, jeneza likapatikana kwa siku moja. Kama mna mfuko mmoja, kateni sehemu ya matibabu na muizuie isitumike kwa rambirambi.

Shule. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na tangu 2022 kidato cha tano na cha sita. Anayewaomba "ada" ya shule hizo aulizwe vizuri. Kinachowakwamisha watoto ni sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula, na kwa wasichana taulo za kike. Nunueni sare kwa fundi yuleyule anayeshonea wengine ili ya mtoto huyu isitofautiane. Viatu avae mwenyewe dukani. Viatu vya kukisia vinaishia uvunguni.

Mtaji. Msitoe mtaji kwenye nyumba yenye njaa. Utaliwa, na itakuwa haki uliwe, kwa sababu mtoto anayelia hasubiri faida. Toeni kwanza chakula cha wiki nne, na mtaji uingie wiki ya pili. Uwe wa kazi ambayo mtu ameshawahi kuifanya. Kwa mama wa maandazi: karai, unga wa ngano kilo 5, mafuta lita 3, sukari kilo 1, hamira, mkaa wa wiki. Mwombeni aandike, au mtoto wake amwandikie, alichotumia na alichouza kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Kinachoua biashara hizi ni mauzo ya mkopo kwa majirani, na mara nyingi majirani hao ni wanajumuiya wenyewe. Mkitaka kumpenda, mlipeni maandazi yake siku hiyohiyo.

Mfuko wa jumuiya

Mitume walipokabiliwa na manung'uniko kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakuhubiri juu ya uvumilivu. Waliwaambia waamini wachague watu saba wenye sifa njema wasimamie (Matendo 6:1-6). Na Paulo alieleza kwa nini hakubeba mchango peke yake: mtu asije akamlaumu, akikusudia mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu" (2 Wakorintho 8:20-21). Uaminifu wa mtu mmoja hautoshi kuwa utaratibu.

1. Chagueni watatu: mweka hazina, katibu na mjumbe wa ziara. Wasiwe wa nyumba moja. Mmoja abadilishwe kila mwaka ili asiwepo anayemiliki mfuko.
2. Kiwango cha kuchangia kisipangwe. Wekeni kikapu chenye mfuniko, kila mmoja atie mkono, hata mwenye mkono mtupu. Asiyekuwa na kitu wiki hii anatia mkono kama wengine na hakuna anayejua.
3. Hesabuni mbele ya wote papo hapo, watu wawili, andikeni tarehe na jumla, wote wawili wasaini.
4. Fedha iwekwe kwenye akaunti ya kikundi, benki au ya simu, inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja kutoa. Isikae kwenye simu binafsi ya mweka hazina. Simu ikipotea, au yeye akiugua, mfuko umekwenda nayo.
5. Wekeni kiwango cha dharura, kwa mfano 30,000, ambacho wawili kati ya watatu wanaweza kukitoa usiku bila kikao. Zaidi ya hapo jumuiya iamue.
6. Mpokeaji asitajwe kwa jina kwenye kikao. Daftari la jumuiya liseme "chakula, kaya moja, 45,000". Jina likae kwenye daftari la katibu.
7. Robo ya makusanyo isiguswe mpaka miezi ya njaa.

Ombi likija kwa ujumbe wa simu, "mtoto amelazwa, tuma kwenye namba hii", mpigieni mhusika kwa namba mliyo nayo siku zote, na msome jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Matapeli hutumia majina ya wachungaji na mapadre kwa sababu wanajua watu wa Mungu wana haraka ya huruma.

Kwenye sharika zenye mnada wa mazao baada ya ibada, kuna nafasi nzuri inayopotea. Trei ya mayai inanunuliwa, inarudishwa, inauzwa tena, na bei inapanda kwa shangwe. Hakuna ubaya. Ila kubalianeni kabla kwamba chakula kinachorudishwa mara ya mwisho kinakwenda jioni ileile kwa nyumba zilizo kwenye daftari la katibu. Na aliyeleta mkungu mdogo wa ndizi, mnadi asiupitishe kwa utani.

Picha hazipigwi. Kama mfadhili wa nje anataka ushahidi, apewe stakabadhi na hesabu. Mama aliyepigwa picha na mfuko wa unga ataikuta picha hiyo kwenye simu ya mwanafunzi mwenzake na binti yake, na hatarudi kwenye jumuiya.

Kupunguza na kufunga

Msaada usiokuwa na tarehe ya kuangaliwa upya hugeuka kuwa mshahara au kero. Siku ya kwanza semeni: "Kwa miezi mitatu tutakuja kila wiki mbili, kisha tutakaa tuangalie pamoja." Mwezi wa tatu kaeni kweli. Mwenye nguvu aliyepata kazi au mtaji, punguzeni nusu kwa mwezi mmoja, kisha mfunge, na ziara ziendelee. Bibi wa miaka 80 asiye na mtu hafungiwi. Huyo andikeni kwenye bajeti ya kila mwaka kama kodi ya jengo inavyoandikwa.

Atakayeuza unga mliompa, msimkasirikie kabla ya kuuliza. Mara nyingi alihitaji dawa na nyinyi mlileta unga. Kosa lilikuwa kwenye ziara. Atakayenywea fedha, badilisheni njia: lipeni dukani, au mpeni mke wake vitu mkononi, watoto wasilale njaa kwa sababu ya baba yao.

Na mpokeaji akileta sadaka yake, 200 au mayai mawili, ipokeeni na kuiandika kwenye daftari kama za wengine. Msimrudishie mkisema, "Mama, wewe baki nayo." Paulo alitaka usawa, ambao wingi wa huyu unafaa upungufu wa yule leo, na kesho kinyume chake (2 Wakorintho 8:14). Akishaweza kutembea, mchagueni awe mjumbe wa ziara. Atajua kuuliza maswali ambayo nyinyi hamkuyafikiria.

Mwisho wa Desemba funguni daftari mbele ya jumuiya yote: kilichoingia, kilichotoka kwa kila aina ya shida, na salio. Salio likiwa kubwa na mtaani kuna wenye njaa, mjumbe wa ziara aulizwe ni nyumba ngapi amefika mwaka huo.